Una rekodi ya jinai na unataka kazi ya lori Marekani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ninayoulizwa na wenzetu karibu kila wiki, wengine wanapiga usiku wakiwa wamepaki trela, wengine hata shule ya CDL (leseni ya kuendesha malori makubwa ya biashara) hawajaanza. Mimi ni dereva, sio wakili, na kwenye mambo ya uhamiaji nitakwambia wazi pale unapohitaji wakili. Nimeyaweka kwa mafungu, ukiona "angalia swali fulani" basi nenda huko, sitarudia.

## Ya msingi

1. Nina rekodi. Kazi nitapata kweli au nisijisumbue?

Utapata, wapo wengi wameipata, ila sio kila kampuni na sio kila mzigo. Hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayosema mtu mwenye feloni (kosa kubwa la jinai, swali la 3) asiendeshe lori. Yapo makosa machache yanayofunga CDL yenyewe (swali la 13 na 14) na yapo yanayofunga mizigo ya hatari (swali la 15), mengine yote yaliyobaki ni uamuzi wa kampuni na bima yake. Bima watu wanaisahau sana. Meneja anaweza kukupenda, akakuelewa kabisa, alafu bima ikasema huyu hapana na hapo hana la kufanya, kwa hiyo usichukulie kila "hapana" kama umedharauliwa.

Kama bado hujaanza shule, omba kwanza barua ya ahadi ya kuajiriwa kutoka kampuni 2 au 3 kabla hujalipa ada, na uwaambie rekodi yako wakati huo huo. Nimeona kijana kamaliza shule, kapata CDL, deni la ada lipo, ndo anagundua kampuni alizokuwa anazitegemea hazichukui kosa la aina yake mpaka lipite miaka kadhaa. Hiyo inauma na ingeepukika kwa simu moja.

2. Serikali inanilazimisha kuandika kila kosa nililowahi kufanya?

Hapana. Kifungu cha 391.21 cha kanuni za FMCSA, hao wanaosimamia usalama wa malori, kinataja vitu ambavyo lazima viwe kwenye fomu ya dereva. Anwani ulizokaa miaka 3, ajali za miaka 3, makosa ya barabarani uliyotiwa hatiani miaka 3 (ya kupaki vibaya hayamo), maelezo kama leseni yako imewahi kukataliwa, kusimamishwa au kufutwa, waajiri wa miaka 3, na kwa kazi ya CDL unaongeza miaka 7 nyuma ya hapo kwa kazi za kuendesha magari ya biashara, jumla 10. Mwisho unasaini kwamba yote ni kweli. Hapo kwenye leseni kusimamishwa angalia vizuri, hapana kikomo cha miaka 3, na ndo wengi wanateleza.

Wizi wa dukani wa 2009 haumo kwenye kifungu hicho. Swali la jinai kampuni inaliongeza yenyewe, na kila kampuni inaliuliza kwa maneno yake. Ndo maana ukiniuliza "niseme au nisiseme" mimi nakujibu nisomee swali lenyewe kwanza, neno kwa neno.

3. Feloni na misdimina zinatofautianaje?

Kwa kawaida feloni ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka 1 gerezani, misdimina ni dogo kuliko hapo. Angalia neno "inaweza". Mtu anapewa probesheni tu (adhabu ya nje chini ya uangalizi), hajalala jela hata siku moja, anaenda kuandika hana feloni, kumbe kosa lenyewe ni feloni kwenye karatasi. Wengine wanakosea kinyume chake, wanajiandikia feloni ambayo hawana na kujifungia mlango wenyewe. Kwa hiyo usijibu kwa kumbukumbu, nenda na karatasi (swali la 6).

4. Kwani watajuaje?

Kwa njia nyingi kuliko unavyofikiri na hazifanani:

- Bakgraundi ya jinai, yaani uchunguzi wa rekodi zako za nyuma, inayochukuliwa kwenye mahakama za kaunti ulizoishi na kwenye hifadhidata za makampuni ya ripoti.
- Rekodi yako ya udereva kutoka jimboni.
- PSP, ripoti ya FMCSA ya usalama wa dereva, inayoonyesha ajali za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3.
- DAC, hiyo ni historia yako ya kazi kwenye malori, ulivyoondoka, kama uliacha lori njiani na kadhalika. Watu wanaiogopa wakidhani ni rekodi ya polisi, sio.
- Clearinghouse, hifadhidata ya FMCSA ya dawa za kulevya na pombe kazini, ilianza 6 Januari 2020. Kosa linakaa humo miaka 5 au mpaka umalize utaratibu wa kurudi kazini, lolote litakalochelewa. Na tangu 18 Novemba 2024 ukiwa humo na marufuku ya kuendesha, jimbo linakuondolea CDL.

5. Nisiposema na wasipogundua, si nimepita?

Hili nitalijibu kwa yaliyonikuta. Nina misdimina ya zamani, ugomvi wa ujana. Kampuni ya kwanza niliyoomba sikuiandika, nikajiambia ni ndogo na imepita siku nyingi. Nikasafiri na basi usiku kucha kwenda orientesheni (siku za utangulizi kabla ya kuanza kazi), siku ya pili asubuhi nikaitwa pembeni, ripoti iko mezani. Mama wa ofisini akaniambia kwa upole kabisa kwamba kosa lile lisingenizuia, wana madereva wenye makubwa kuliko langu, kilichonizuia ni tiki niliyoweka kwenye "hapana". Nikarudi na basi lile lile.

Tangu siku hiyo ndo naelewa. Kosa lako ni la zamani, lina tarehe, limeshalipwa. Uongo ni wa leo, na umeufanya kwao wao. Na hata ukipita leo, kampuni ikinunuliwa au bima ikibadilishwa wanaweza kupitia mafaili upya, na ukipata ajali kubwa wakili wa upande wa pili atalifungua faili lako ukurasa kwa ukurasa.

## Kujaza fomu

6. Kabla ya kujaza chochote nianze wapi?

Anza na karatasi. Nenda kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi, ana kwa ana au kwa barua, uombe nakala yenye muhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Humo utaona kosa kwa jina lake la kisheria, daraja lake, tarehe ya hukumu, adhabu, na kama umemaliza. Kama umeishi majimbo mengi na hukumbuki vizuri, omba rekodi yako FBI kwa alama za vidole, ada yao ni dola 18. Omba na PSP na DAC yako mwenyewe. Soma mwenyewe kile wanachokisoma wao kukuhusu.

Weka nakala kwenye simu na nyingine za karatasi kwenye begi. Siku rekruta (mtu wa kampuni anayetafuta madereva) akiuliza unamtumia dakika hiyo hiyo, na naamini hii inafanya kazi kubwa kuliko maneno yoyote matamu.

7. Nilikamatwa tu, kesi ikatupwa. Niandike?

Kama swali ni "umewahi kutiwa hatiani" jibu lako ni hapana, na hujadanganya mtu. Kama wanauliza "umewahi kukamatwa au kushtakiwa" hiyo ni habari nyingine, inabidi ujibu ndiyo na uambatanishe karatasi ya kutupwa kesi, ingawa majimbo kadhaa yanamkataza mwajiri kuuliza hivyo. EEOC, tume ya usawa kazini, kwenye mwongozo wake wa 2012 imesema wazi kukamatwa peke yake sio ushahidi kwamba mtu ametenda kosa.

8. Nilijibu "sikubali wala sipingi", au hakimu aliahirisha hukumu akanipa masharti. Hiyo ni hatia?

Ya kwanza karibu kila mahali inahesabika umetiwa hatiani, iandike. Ya pili inategemea jimbo. Texas kwa mfano ukimaliza masharti vizuri kesi inatupwa na kwa kawaida haiitwi hatia, lakini kukamatwa na kesi vinaendelea kuonekana kwenye bakgraundi mpaka upate amri ya kufunga rekodi. Kwa hiyo unajibu hapana kwa haki kabisa, alafu ripoti inatoka na kitu, rekruta anaona kama umemdanganya. Mpe taarifa mapema kwa sentensi moja, "kuna kesi ya 2019 itaonekana, ilitupwa baada ya masharti, karatasi hii hapa".

Mawili ya kuangalia. Makosa ya barabarani kwa mwenye CDL hayaingii kwenye huu utaratibu, kanuni za serikali kuu zinakataza majimbo kuyaficha. Na kama sio raia, soma swali la 20 kabla hujajibu popote.

9. Rekodi yangu ilifutwa na mahakama. Bado niseme?

Kwenye fomu ya kampuni binafsi, majimbo mengi yanakuruhusu kisheria kujibu hapana, hiyo ndo faida ya kufutiwa. Soma amri yako ya mahakama, mara nyingi imeandikwa humo humo. Fomu za serikali kama za TSA (wakala wa usalama wa usafiri) au uhamiaji ni kitu kingine, fuata maneno ya fomu ile, maana zingine zinauliza waziwazi hata yaliyofutwa.

Na hakikisha imefutwa kweli. Nimekutana na watu waliolipa wakili, wakapewa karatasi ya maombi, wakadhani ndo amri yenyewe.

10. Wanauliza miaka 7 tu na langu lina miaka 9.

Jibu miaka 7. Umeulizwa hicho, umejibu hicho, hudaiwi zaidi. Ila hesabu kutoka tarehe sahihi, fomu zingine zinasema tangu hukumu, zingine tangu kutoka gerezani.

Kuna uvumi kwamba baada ya miaka 7 kila kitu kinapotea. Sio kweli. Sheria ya ripoti, FCRA, inazuia makampuni ya ripoti kutoa kukamatwa kulikozidi miaka 7, hatia haina kikomo kwenye sheria hiyo ya nchi nzima, ingawa majimbo kama California yameweka miaka 7 yao. Na hata huo ulinzi wa kukamatwa hauhusu kazi ya mshahara wa dola 75,000 kwa mwaka kwenda juu, na nyinyi mnajua kazi nyingi za lori sasa zinafika hapo.

11. Kwenye nafasi ya maelezo niandike nini?

Mistari 3 au 4. Nini, lini, adhabu, umemaliza lini, tangu hapo je. Mfano:

"2017, shambulio, misdimina. Nilikiri kosa. Probesheni mwaka 1, nimemaliza 2018. Sina kosa lingine tangu hapo. Karatasi za mahakama ninazo."

Basi. Usimlaumu polisi, mke wa zamani wala shemeji, hata kama kweli walikuonea. Najua ni ngumu maana ile hadithi umeibeba kifuani miaka, lakini anayesoma ana fomu 40 mezani na anatafuta vitu viwili tu, kwamba unasema ukweli na kwamba imekwisha. Na usiandike "nitaelezea kwenye usaili", wengi hawafiki kwenye huo usaili.

Kwa mdomo ni hivyo hivyo. Rekruta akipiga simu mara ya kwanza muulize mwenyewe sera yao kuhusu kosa la aina yako kabla hajakutafutia tiketi. Andika jina lake na tarehe, na baadae mtumie ujumbe wa maandishi wa yale uliyomwambia. Rekruta wengine wanasema "usijali, acha wazi hapo", usikubali, saini iliyo kwenye fomu ni yako sio yake.

12. Miaka niliyokuwa gerezani nitaijazaje kwenye historia ya kazi?

Usitunge kazi. Hiyo miaka 10 ya swali la 2 wanaipigia simu. Andika miezi na miaka ya kutoka na kuingia, "sikuwa kazini", na kama kosa limeshaandikwa pale juu inajieleza yenyewe. Ulichofanya ndani, jikoni, karakana, cheti cha fundi, kiandike.

## Leseni, mizigo na mipaka

13. DUI (kuendesha ukiwa umelewa) niliipata kwenye gari langu dogo, sio lori. Inahusu nini?

Inahusu sana. Kama ulikuwa na CDL, DUI kwenye gari lolote inakufungia CDL mwaka 1, ni miaka 3 kama ilikuwa kwenye lori lenye mizigo ya hatari. Ya pili ni maisha, ingawa jimbo linaweza kukurudishia baada ya miaka 10 kwa masharti. Kukataa kupimwa kunahesabika sawa. Ukumbuke kwenye lori kiwango cha pombe kwenye damu ni 0.04, nusu ya kile 0.08 cha gari dogo kwenye majimbo karibu yote.

Kama ulipata DUI kabla hujawa na CDL, hiyo kufungiwa haikuhusu, ila kampuni nyingi zinataka ipite miaka kadhaa na wataiona kwenye rekodi ya udereva bila hata kukuuliza.

14. Kosa gani linafunga CDL moja kwa moja, bila kurudi?

Kutumia gari kwenye feloni ya kutengeneza au kusambaza dawa za kulevya, na kutumia lori kwenye usafirishaji haramu wa binadamu. Hayo mawili ni maisha, hakuna miaka 10.

15. Hazmat (kibali cha mizigo ya hatari) na kadi ya TWIC (ya kuingia bandarini) je?

Hapa anayekukagua ni TSA na alama za vidole zinachukuliwa, usijaribu kuficha. Wana orodha mbili. Ya kudumu ina ugaidi, uhaini, ujasusi, mauaji, vilipuzi na mengine machache. Ya muda ina silaha, unyang'anyi, kusambaza dawa, rushwa, udanganyifu, uchomaji moto, utekaji na mengineyo, na hiyo inakuzuia kama ulitiwa hatiani ndani ya miaka 7 au umetoka gerezani ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba. Kukutwa na dawa za matumizi yako tu hakumo kwenye orodha hiyo.

Ukipata barua ya kukataliwa usiitupe. Una siku 60 za kukata rufaa kama wamekosea, au kuomba msamaha wa sharti ukionyesha umebadilika, na watu wanapewa. Na kukosa hazmat sio mwisho wa kazi, mizigo mikavu na ya baridi imejaa tele.

16. Niko kwenye probesheni sasa hivi.

Kazi ya masafa marefu itakutesa, maana kutoka nje ya jimbo kunahitaji ruhusa. Ongea na afisa wako kabla ya kuomba, wengine wanatoa kibali cha kazi cha muda mrefu. Kama hapana tafuta kazi za ndani ya jimbo, za kulala nyumbani. Kwenye fomu sema probesheni inaisha tarehe gani.

17. Kampuni inaingia Canada.

Waambie kabla hujapewa mzigo. Tangu Desemba 2018 Canada inaihesabu DUI kuwa kosa zito na inaweza kukurudisha mpakani hata kama ni moja. Kuna kibali cha muda, na ikipita miaka 5 tangu umalize adhabu unaweza kuomba kusafishwa. Nyumbani ni kosa dogo, mpakani ni mzigo umekwama, na dispachi, anayekupangia mizigo, hatasahau.

## Wakikukataa

18. Wamenikataa kwa sababu ya ripoti. Nina haki gani?

Kwenye kazi za kawaida wanatakiwa wakupe nakala ya ripoti kabla ya kukukataa. Kwa madereva wa lori walioomba kwa simu, posta au mtandao, FCRA ina utaratibu wake, wanaweza kukukataa kwanza alafu wakujulishe ndani ya siku 3 za kazi, wakikutajia kampuni iliyotoa ripoti. Ukiomba nakala wakupe ndani ya siku 3 za kazi pia. Omba. Kila mara, hata kama umeshakata tamaa na kampuni hiyo.

Kampuni yenye sera ya kukataa kila mwenye feloni bila kuangalia kitu inaweza kugongana na sheria ya ubaguzi. Mwongozo wa EEOC wa 2012 ulitaka waangalie uzito wa kosa, muda uliopita na kazi yenyewe, vigezo vilivyotoka kwenye kesi ya Green dhidi ya Missouri Pacific Railroad ya 1975. Majimbo mengine yanazuia hata kuuliza mapema, Hawaii ndo ilianza 1998, na California tangu 2018 mwajiri mwenye watu 5 au zaidi anakupa ofa ya masharti kwanza ndo anauliza.

Jambo jingine ambalo watu wetu hawalitumii kabisa ni mpango wa dhamana wa wizara ya kazi, upo tangu 1966, unamlinda mwajiri bure kwa miezi 6 ya kwanza, kuanzia dola 5,000, dhidi ya wizi au udanganyifu wa mfanyakazi. Mtajie rekruta, wengi wao hawaujui.

19. Ripoti imeonyesha kesi ambayo sio yangu!

Hii inatupata sisi kupita kiasi. Mohamed Ali, Juma Hassan, majina haya yako mengi, na wengi tuliokuja kama wakimbizi tuliandikiwa 1 Januari kama siku ya kuzaliwa. Jina moja, tarehe moja, kompyuta inakubandika kesi ya mtu wa jimbo ambalo hujawahi kukanyaga.

Peleka pingamizi kwa kampuni ya ripoti kwa maandishi, weka kitambulisho na anwani zako za nyuma, wana siku 30 za kuchunguza. Wakati huo huo mwambie rekruta ili asifunge faili. Na ukiweza itoe ripoti mapema, kabla ya yeye kuiona (swali la 6).

## Kesi zisizo za kawaida

20. Mimi sio raia. Kuna tofauti?

Ipo kubwa. Kwenye uhamiaji, kesi uliyokiri kosa ukapewa masharti inaweza kuitwa hatia hata kama jimbo linasema sio, na iliyofutwa bado inaulizwa kwenye fomu ya uraia. Usichukue majibu ya fomu ya kampuni ukayahamishia kule. Hapa lipa wakili wa uhamiaji, na kama kesi bado iko mahakamani muone kabla hujakiri chochote.

21. Kosa lilikuwa nyumbani Afrika, kabla sijaja.

Kama swali linasema "umewahi kutiwa hatiani" bila kutaja nchi, linakuhusu. Bakgraundi ya kawaida haifiki huko, najua, lakini uhamiaji walikuuliza swali hilo hilo, na majibu mawili tofauti yenye saini yako sio kitu cha kuacha nyuma yako.

22. Nimeshaandika "hapana" na niko kazini miezi 8 sasa. Nifanyeje?

Hili linakuja zaidi usiku, na nalielewa kuliko yote. Chukua karatasi za kesi kwanza, soma tena fomu uliyojaza, maana pengine swali lilikuwa la miaka 7 na hujadanganya kitu. Kama kweli umedanganya, ongea na wakili wa kazi saa 1 kabla ya kusema chochote, kwa sababu ukienda ofisini mwenyewe wanaweza kukuondoa na wanaweza kukuacha, nimeona yote mawili. Yule aliyeachwa alikwenda na karatasi mkononi, rekodi safi ya barabarani, akaomba arekebishe fomu. Aliyeondolewa alipata kazi nyingine baada ya wiki 5, safari hii akaandika "ndiyo", na aliniambia usiku ule alilala.